Nilivyokata mabomba ya rejeta kwenye uvungu wa sakafu

Kwetu Tanga rejeta ni ya gari. Hapa Leicester kila chumba kina ya kwake: bamba la chuma limetundikwa ukutani, maji ya moto yanatoka kwenye boila, yanapita humo, yanarudi kupashwa tena. Wakati wa baridi unaliombea dua. Kiangazi linakula ukuta bure. La chumba chetu cha kulia lilikuwa limekalia ukuta pekee ambao friza ingeenea, na mke wangu alikuwa ameshalipia friza.

Fundi aliyekuja kuangalia alitaka pauni 220. Alipiga magoti, akamulika tochi pembeni, akasema pale pana kazi. Mimi nikaona ananipandishia bei. Mabomba mawili ya shaba ya milimita 15, kuna nini hapo?

Kufunga koki tu na kulitoa bamba kusingetosha. Koki yenye kichwa cha namba imeundwa ijifungue baridi ikizidi, maji yasigande ndani ya bamba. Ukiiacha wazi mdomoni, usiku mmoja wa Januari itafunguka na utaamka chumba kimekuwa bwawa. Isitoshe, vile vipande vya bomba vilivyochomoza sakafuni visingeiruhusu friza isogee ukutani. Ilibidi nikate chini ya mbao.

Nyumba yetu ni ya zamani, sakafu ya mbao juu ya maboriti, chini yake uvungu wa kama nusu mita wenye vumbi la miaka mia. Nilipong'oa ubao wa kwanza nilikuta mabomba matatu ya shaba, siyo mawili. Yote rangi moja, na unene kwa macho ulikuwa uleule. Hapa ndipo nilipopoa kidogo, kwa sababu Uingereza gesi nayo hupitishwa kwenye bomba la shaba, na shaba haina maandishi usoni. Niliwasha boila, nikasubiri robo saa, nikashika moja moja. Mawili yalipata moto, moja likabaki baridi kama jiwe. Yale ya moto nikayafunga utepe mwekundu, nikayafuata kwa tochi mpaka yanapopanda kwenye rejeta. Lile baridi nikalifuata pia: lilielekea kwenye jiko. Nikalivisha kitambaa cheupe ili hata nikichoka nisilisogelee na msumeno. Kazi ya gesi hapa hufanywa na fundi aliyesajiliwa, sheria inasema hivyo, na hata isingesema nisingegusa.

Kumwaga maji kulikuwa rahisi. Nilizima boila, nikaacha mfumo upoe, nikavalisha mpira kwenye kikoki cha chini kabisa, nikautoa hadi uani, kisha nikafungua vitoa-hewa vya rejeta za juu ili hewa iingie na maji yashuke. Yalitoka meusi kama wino wa pweza. Ni kutu ya mabamba yenyewe, inayotuama miaka na miaka.

Kisha nikakosea.

Boriti ya mwisho ililala sambamba na ukuta, na kati ya boriti na matofali palikuwa na sentimita 5 tu. Mabomba yangu yalishuka humo humo. Nilikuwa na kile kikatio kidogo cha duara: unakibana kwenye bomba, ndani kina kigurudumu chenye makali, unakizungusha na kila mzunguko kinazama zaidi. Kiliingia vizuri. Vidole vya kukizungushia ndivyo havikuingia. Nilijaribu kwa penseli, kwa bisibisi, kwa ncha ya kijiko. Mwisho nikachomoa ubapa wa msumeno wa chuma, nikauzungushia kitambaa upande mmoja uwe mpini, nikakwaruza kwa saa nzima nimelala kifudifudi, shavu kwenye ubao. Mabomba yalikatika, lakini yalikatika mshazari, na kingo zake zilikuwa na meno. Nikasukumia vizibo hivyohivyo. Nilipojaza maji, kimoja kilianza kudondoka tone moja kila sekunde chache. Nikamwaga tena. Wino wa pweza kwa mara ya pili, na mke wangu amesimama mlangoni hasemi kitu.

Usiku nilimpigia mjomba, fundi bomba wa siku nyingi, nikamwonyesha kwa kamera.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba, mjomba. Hilo shimo gani tena?”

Nikamweleza. Yeye kazi yake ni mabomba ya plastiki na matangi ya juu ya paa. Habari ya maji ya moto kuzunguka ndani ya kuta ilimchekesha. Akataka nisogeze tochi kushoto. Nikasogeza. “Sasa wewe,” akasema, “unapigania nini huko kwenye kona? Bomba si linatoka mahali? Kata kule mkono unapokaa.”

Nilitaka kumbishia, nikakosa hoja. Siku mbili nilikuwa nakata karibu na rejeta kwa sababu rejeta ndiyo niliyotaka kuiondoa, basi.

Asubuhi niling'oa mbao mbili zaidi, katikati ya chumba. Mabomba yale yalipita chini ya boriti yakakutana na mabomba mama ya milimita 22 kwenye viungo vya T. Kutoka kwenye T hadi boriti palikuwa na kiasi cha sentimita 12, peupe, pande zote hewa. Jambo la kuangalia hapo ni kukata baada ya T, upande wa rejeta unayoiondoa. Ukikata kabla yake unainyima maji rejeta ya korido. Kikatio kilizunguka kama kifuniko cha chupa. Mikato miwili, dakika tano.

Kuchomelea kwa risasi sikukufikiria sana. Ndani ya bomba bado mlikuwa na maji kidogo, na bomba lenye maji halishiki joto la kuyeyusha risasi. Halafu moto wa gesi chini ya mbao kavu za miaka mia, hapana. Kwenye bomba la kwanza nilitumia kizibo cha nati: nati, pete ya shaba, kisha kizibo. Kinataka spana mbili, moja kushika na moja kukaza, na hapo zilienea, ya pili ikiwa spana malaya niliyotoka nayo nyumbani. Nilikaza kwa mkono mpaka ikagoma, kisha mzunguko mmoja na kidogo zaidi. Ukiipenda sana utaiminya pete mpaka ivuje.

Bomba la pili lilikuwa karibu mno na boriti kwa spana mbili, kwa hiyo likapata kizibo cha kusukuma. Hiki hakina subira na uchafu. Ndani kina oringi ya mpira, na ukingo wenye meno unaichana bila wewe kujua. Ndicho kilichonipata mara ya kwanza. Safari hii nililainisha kingo kwa tupa, nikafuta rangi iliyodondokea bomba kwa msasa laini, nikaweka alama ya penseli kwa urefu ambao bomba linapaswa kuzama, nikasukuma mpaka alama ikafika mdomoni. Kisha nikavuta kwa nguvu zangu zote.

Nilijaza maji polepole mpaka geji ya boila ikasoma baa 1.3, nikatoa hewa kuanzia rejeta za chini kwenda juu, nikaongeza geji iliposhuka. Dawa ya kuzuia kutu nilitia chupa nzima ya lita moja, maana ya zamani niliimwaga uani mara mbili. Chini ya kila kizibo nilitandaza karatasi ya chooni, kwa kuwa tone dogo halionekani kwenye vumbi lakini kwenye karatasi linaacha duara. Niliwasha boila, nikaiacha ipoe, nikawasha tena. Siku tatu mbao zilikaa wazi na watoto walifundishwa kuruka.

Karatasi zilikuwa kavu. Mbao nilizirudisha kwa skrubu badala ya misumari, na juu ya ubao wa katikati, mahali ambapo zulia litafunika, nikaandika kwa kalamu nene: VIZIBO HAPA. Na mshale kuelekea jikoni: GESI.