A tano za samaki wa kupaka

Mama mdogo anauza chakula Langoni, hapa Lamu: mahamri na mbaazi asubuhi, jioni samaki wa kupaka, na ng'onda, samaki wa kukaushwa, akipata. Miaka yote ameandika bei mwenyewe ubaoni kwa chaki, mvua ikinyesha zinafutika. Akaniomba nimchapishie ubao wa kudumu.

Nilianza na Comic Sans, fonti, yaani seti ya herufi za kompyuta zenye umbo moja. Vincent Connare aliibuni mwaka 1994 akiwa Microsoft, akifuata maandishi ya vitabu vya vibonzo, ndiyo maana herufi zake ni za mviringo na hazimkaripii msomaji. Mimi naipenda. Lakini mama mdogo aliitazama karatasi ya majaribio akasema, "Mwanangu, hili ni tangazo la chekechea."

Nikajaribu fonti nyingine za mwandiko, za bure, na hapo ndipo nilipoliona tatizo lenyewe. Kiswahili kimejaa a. "Samaki wa kupaka" ina a tano na k tatu, na zote zilitoka sawasawa kama zimepigwa mhuri. Mkono wa mtu hauandiki hivyo, na jicho hulitambua hilo mara moja.

Basi nikaamua kutengeneza fonti kwa mwandiko wake. Kwanza nilimpa karatasi ya visanduku ajaze herufi moja moja. Zikatoka zimekakamaa, kama za mtoto aliye kwenye mtihani. Nikaiweka kando, nikampa karatasi tupu na kalamu ya ncha nene aandike vyakula vyote kama anavyoandika ubaoni, mara nne. Humo nikachagua a nne, k tatu, i tatu. Q na x, ambazo hazina kazi jikoni kwake, aliziandika pembeni. Nikazipiga picha penye mwanga wa dirisha, nikazigeuza michoro kwa Inkscape, nikazipanga kwa FontForge, programu zote mbili za bure. Kisha nikaweka kanuni: kila a itwae umbo tofauti na la a iliyoitangulia.

Kazi iliyonila siku ni nafasi kati ya herufi. Nilirekebisha "wa", "ya" na "ka" jioni mbili nzima, kwa sababu zikiachana kidogo tu neno linapasuka.

Chapa ya kwanza ikanisikitisha kwenye ng'onda. Ritifaa, ile alama ndogo ya juu baada ya ng, ilikuwa nyembamba kama msumari, imetoka fonti nyingine kabisa. Kumbe simu yangu huandika ritifaa iliyopinda, nami kwenye fonti nilikuwa nimeweka ile iliyonyooka peke yake. Kwa mashine hizo ni alama mbili. Nikaongeza ya pili.

Ubao umetundikwa tangu wiki jana. Mama mdogo aliupitisha kidole mstari kwa mstari, akafika kwenye bei ya 70 akasimama. Saba yake ina kistari katikati, na mimi nimekisahau. Leo jioni naifungua fonti tena.