Daftari la Babu na Pishi Kumi na Nne

Babu alipofariki, ami yangu mkubwa alisimama mbele ya jeneza akatangaza kama ilivyo ada: mwenye kumdai marehemu ajitokeze, deni tumelibeba sisi. Hakujitokeza mtu. Tukazika, tukasoma hitma, na siku ya tatu nikapewa kazi: niandike maisha ya mzee yasomwe siku ya arubaini, wajukuu wa Unguja na wa Dar es Salaam wamjue babu yao.

Nilianza vibaya. Nilizunguka kijijini kwetu Mtambwe, Pemba, na simu mkononi, nikirekodi wazee na kuwauliza, "Babu alikuwa mtu wa namna gani?" Wote jibu moja: mpole, mcha Mungu, hakugombana na mtu. Hilo la mwisho lilinikwaza, maana mie nimekua nikijua kwamba nyumba iliyo ng'ambo ya bonde hatuendi, na wao kwetu hawaji, hata Sikukuu. Najua marehemu hasemwi. Lakini karatasi yangu ilikuwa inajaa sifa ambazo ungeweza kumsomea maiti yeyote. Nilipobadilisha swali, nikauliza asubuhi akila nini na akikasirika akisema nini, ndipo shangazi akacheka mpaka akajifuta machozi, akaanza kumwigiza.

Umri nao ulinisumbua. Kitambulisho kilisema 1940, lakini yeye mwenyewe alikuwa akitusimulia alivyokuwa akitumwa dukani na rupia. Rupia Zanzibar iliondoka 1936, ikaingia shilingi. Mtoto wa kutumwa dukani peke yake hapungui miaka sita. Nikaandika kuwa alizaliwa 1929 au kabla yake, na ami akasema nimemzeesha baba yake.

Kilichoniokoa ni daftari. Lilikuwa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda chake, limefungwa kwa kipande cha kanga, na bado linanukia karafuu. Binamu yangu alilifungua kwanza, akaona safu ya sifuri tupu mbele ya majina ya wachumaji. "Mwaka huo hawakuchuma kitu!" Kumbe ni tarakimu za Kiarabu, na kile kiduara ni tano. Sifuri yao ni nukta.

Babu aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyosomeshwa vyuo vya Kurani watu wa umri wake. Mie nimehitimu msahafu, nikadhani ni kazi ya jioni moja. Wapi! Msahafu una irabu, babu hakutia hata moja. P hana, anaandika b. V hana, anaandika f. "Bishi" nikaing'amua kuwa ni pishi, kile kipimo cha vibaba vinne, lakini palikuwa na neno jingine likijirudia kila wiki ambalo nilisoma "baba". Baba 3, baba 5. Nikaanza kujiuliza babu alikuwa na baba wangapi. Mwisho nikampelekea maalim wangu wa chuo, ambaye macho yamempungua lakini mwandiko wa aina hiyo anaujua. Akaliweka daftari karibu na pua. "Papa, mwanangu. Papa mkavu, kitoweo cha wachumaji."

Tulikaa naye jioni tatu. Ukurasa baada ya ukurasa, nani kachuma pishi ngapi mbichi, nani kachukua pesa kabla ya msimu, makonyo, vile vikonyo vya karafuu, yamefika magunia mangapi. Kwa jina la mwanamke mmoja ameandika kwamba ana mimba, asipande mkarafuu, akae chini achambue, na alipwe sawa na aliye mtini. Mstari huo mmoja ulinifaa kuliko saa mbili za sauti nilizorekodi.

Ukurasa wa mwisho ni wa wanaomdai yeye. Madeni yote yamepigwa mstari isipokuwa moja: pishi 14 kavu, za yule bwana wa ng'ambo ya bonde, Rajabu 1389. Nikapiga hesabu, ni Septemba au Oktoba 1969. Bibi alipoulizwa akanyamaza kwanza, kisha akasema. Babu alipungukiwa na karafuu za kujaza gunia siku gari inakuja, akaazima. Kabla hajalipa wakagombea mkarafuu uliosimama mpakani, na baada ya hapo kila mmoja akamsubiri mwenzake aanze.

Ami hakutaka hayo yasomwe mbele za watu. Tulibishana usiku mzima. Asubuhi akapanda darini mwenyewe akateremsha polo la karafuu. Karafuu huku huiuzii pengine ila ZSTC, shirika la biashara la serikali, lakini deni si biashara.

Yule bwana naye ameshatangulia. Tulimkuta binti yake, mtu mzima sasa, anaanua jamvi kwa wingu lililokuwa likija. Tukapiga hodi, shikamoo, marahaba. Ami akaeleza, nami nikamwonyesha ukurasa. Hakulia, hakutukumbatia, wala hakusema yaishe. Aliingia ndani akatoka na pishi ya bati iliyobonyea ubavuni.

"Hii ndiyo baba aliyompimia mzee wenu," akasema, akakaa chini, akaanza kupima. Kila pishi anaipangusa juu kwa kiganja. Zikaja kumi na tatu na nusu.

"Sisi tumepima kumi na nne," ami akasema.

"Mmepima kwa pishi yenu."

Ami akanitazama, mie nikatazama daftari. Tukamtuma mtoto avuke bonde akalete vibaba viwili vilivyopungua, na kwa kuwa mvua ilikuwa imeanza, yule mama akatwambia tuingie barazani tumngojee. Akatutilia kahawa. Ilikuwa na tangawizi nyingi mno.