Nilivyouza kadi za besiboli ambazo wengi walisema ni takataka

Ukiwa Marekani ukaachiwa maboksi ya kadi za besiboli, zile zenye picha za wachezaji ambazo watu hukusanya, na mtu anayehama, utapata washauri wa aina mbili. Wa kwanza ataona jina la nyota kama Nolan Ryan, aseme umetajirika. Wa pili atasema ni za kuwashia mkaa. Mimi huku Kansas City niliwapata wote, na wote walinichosha.

Miaka ile ya mwisho ya 1980 na mwanzo wa 1990, kampuni za Topps, Donruss, Fleer, Score na Upper Deck zilichapa kadi bila breki, na watu wakazifungia wakidhani wanawekea watoto ada ya chuo. Ndiyo maana zimejaa gereji mpaka leo. Tena mwenye pesa hutafuta kadi ya mchezaji alipoanza. Ya George Brett, nyota wa timu ya hapa Kansas City, ni Topps ya 1975. Zangu zilikuwa za Brett mzee, hadi 1993 alipostaafu, pamoja na Ryan, Robin Yount na Carlton Fisk, ambao nao waliaga mwaka huohuo.

Jamaa mmoja anayejifanya bingwa wa biashara alinishauri niziuze mojamoja mtandaoni, dola moja kila kadi. Haya, nikafanya. Bahasha, plastiki, stempu, foleni ya posta. Ukipiga hesabu, mimi ndiye niliyekuwa namlipa mnunuzi! Akarudi na wazo jipya: nizipeleke kwa wapimaji wanaokagua hali ya kadi na kuipa alama hadi 10. Ada ya kupima Brett mmoja wa 1990 inakununulia Brett wengine rundo zima. Nilimshukuru, nikammiminia chai.

Mlango ulifunguka kwenye maonyesho ya kadi. Wachezaji wastaafu hukaa mezani wakisaini kwa malipo, na mashabiki wanaopanga foleni wanataka kadi ya bei poa ambayo kalamu ikiteleza hakuna msiba. Hapo uzee wa mchezaji si kasoro hata kidogo. Nikafunga mabunda, kila mchezaji na lake, dola kama kumi hivi, kutegemea uso wa mteja.

Sasa sikiliza utundu wenyewe. Topps za miaka ya 1980 hazing'ai, wino unashika vizuri. Upper Deck zinateleza kama kioo, na sahihi hujikusanya vitonevitone. Dawa yake ni poda ya mtoto: unanyunyiza kiduchu, unasugua taratibu kwa pamba, unapuliza. Nilimwonyesha mzee mmoja mbishi kwa kadi mbili za Fisk, moja ina poda na nyingine haina, nikachora juu kwa kalamu ya wino mzito. Alinyamaza, akanunua mabunda matatu. Siku hiyo nilitembea kama profesa.

Ila usifunge bunda kabla ya kukagua Topps za 1991. Zipo zenye nembo ya dhahabu ya Desert Shield, jina la operesheni ya kijeshi, walizopelekewa wanajeshi wa Marekani kule Ghuba. Hizo ni chache, na Ryan wa miaka 44 mwenye nembo halisi ni pesa nzuri. Feki nazo zimejaa, kwa hiyo hapo ndipo mpimaji anapostahili ada yake. Mimi nilikesha nikitafuta, nikaambulia maumivu ya mgongo.

Pesa iliyopatikana ilibadilisha matairi ya gari, na chenji ikabaki. Brett wameisha, si ndiye mwana wa mji huu. Yount ninao bado boksi zima. Mwenye ndugu Milwaukee, alikochezea Yount, aniambie, bei tutaelewana.