Nilivyochagua mashine ya kupiga polishi gari, na kwa nini ile kubwa niliiacha dukani

Ukisema Arusha kwamba unataka kupiga polishi gari lako mwenyewe, ushauri unakuja bure na kwa wingi. Wa kwanza: funga pedi ya sufi kwenye grainda, paka kompaundi (dawa ya kukwangulia rangi) ya kopo, maliza kazi. Wa pili: dawa ya meno. Wa tatu unatoka kwa muuza zana, anayekuwekea mezani rotari ya wati 1,400 yenye mpini wa kushika kwa mikono miwili: "Kaka, hii ndiyo yenyewe, inakula hadi chuma." Mimi chuma sikutaka kiliwe. Nilitaka mikwaruzo ya duaraduara inayoonekana boneti likipigwa na jua itoke, rangi ibaki. Mikwaruzo hiyo kwa sehemu kubwa huletwa na matambara ya kuoshea yaliyoshika mchanga.

Hesabu ya rangi ndiyo inayoamua mashine. Rangi yote ya kiwandani, kuanzia praima hadi juu, kwa kawaida ina unene wa maikroni 100 hadi 150 (maikroni elfu moja ni milimita moja). Klia, tabaka la juu lisilo na rangi, peke yake ni kama 40, chini ya nusu ya unene wa karatasi ya fotokopi, na ndiyo inayobeba kinga dhidi ya jua. Polishi moja kali inaweza kuondoa maikroni mbili au tatu. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, tena jirani na ikweta, kwa hiyo jua la hapa halina huruma na klia iliyolambwa. Haimenyuki siku hiyo. Inameta, unasifiwa, kisha baada ya muda paa na boneti vinaanza kupauka na kubanduka vipandevipande.

Sasa grainda ya inchi nne na nusu inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Rotari ya polishi inaanzia 600 hivi na kuishia 3,000. Hapo grainda imeshatoka kwenye mazungumzo. Rotari yenyewe siyo mbaya: fundi rangi aliyetoka kupiga msasa namba 2000 juu ya klia mpya anaihitaji, tena na sufi, na hakuna kitakachommalizia kazi haraka kuliko hiyo. Tatizo lake ni kwamba pedi inazunguka kwenye mhimili mmoja, ukingo wake unakimbia kuliko katikati, na joto linajikusanya pale unapochelewa kidogo. Kingo za milango na mikunjo ya boneti, ambako rangi huwa nyembamba, zinakwenda kwanza. Ukipona hapo, inakuachia alama zinazotembea na mwanga, zile mafundi wanazoziita hologramu.

Niliyoichagua mimi ni DA (dual action): inazunguka na wakati huohuo inayumba kwenye duara dogo. Ukiikandamiza kupita kiasi au ukigusa ukingo, mzunguko unasimama na inabaki kuyumba tu. Ndiyo maana ni vigumu kuunguza rangi nayo, ingawa siyo muhali. Upana wa kuyumba huko umeandikwa kwenye boksi kwa milimita: 8, 12, 15 au 21. Ya 8 ni tulivu na haichoshi mkono, ila inakata polepole. Ya 21 ni nzuri kwa mbavu pana za Land Cruiser na Noah, lakini kwenye kijigari chenye mapindo kama IST inagoma kuzunguka kila baada ya hatua mbili. Nilichukua ya 15 yenye sahani (inayobeba pedi) ya milimita 125, wati 900. Ya kichina, laki tatu na ushee. Rupes ya Italia ina ukimya na mizani mizuri zaidi, lakini bei yake ingenunua mashine yangu, pedi, dawa zote na chenji ya nyama choma.

Kitu kimoja ambacho hakuna muuzaji aliyekitaja ni uzi wa bolti ya sahani. Rotari nyingi ni M14. DA nyingi za aina ya 15 na 21 ni M8, lakini zipo DA, hasa za soko la Marekani, zenye uzi wa inchi, 5/16 yenye meno 24 kwa inchi. Bolti hizo mbili zina unene unaokaribiana sana, milimita 8 na 7.9, kwa hiyo moja inaingia kwenye nyingine mizunguko miwili ya kwanza halafu inakaza. Ukilazimisha kwa spana umeua uzi wa mashine. Nenda dukani na bolti ya M8 ya kawaida mfukoni, ijaribu kwa vidole. Ikishuka yote bila kubishana, sahani za ziada utazipata kirahisi. Na usibadilishe sahani ya 125 kuweka ya 150 kwa kuwa tu inaingia. Ndani kuna chuma cha kusawazisha kilichopimwa kwa sahani na pedi ya saizi ile. Ukizidisha, mashine inatetemeka mpaka vidole vinakufa ganzi na beringi hazidumu.

Soma kibati cha umeme. Zinazoletwa mkononi kutoka Marekani ni za volti 120, na umeme wetu ni 230. Transfoma inawezekana, lakini inabidi iwe kubwa kuliko wati za mashine na utaiburuta kila pembe ya gari. Ukivuka Namanga kununua Nairobi, umeme na plagi ni vilevile, hakuna shida. Ulizia kaboni za mota za ziada papo hapo, maana za kufanana ukija kuzitafuta baadaye utazungushwa mji mzima.

Wanaofikiria kutumia jenereta: zile ndogo za mkononi zinazoandikwa wati 950 hutoa pungufu ya hapo kazini, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko. Kwa Arusha hiyo ni kama asilimia 14 imekwenda kabla hujawasha. Mashine ya wati 900 itazimika ukiikandamiza. Moshi, kwa kuwa iko chini zaidi, nafuu ipo kidogo, lakini bado chukua ya kilowati 2. Ekstensheni nayo iwe ya waya wa milimita 1.5 au zaidi, na uikunjue yote. Ikibaki imezungushwa kwenye gurudumu lake inapata moto.

Hila niliyoipenda kuliko zote haina gharama. Chukua maka peni, piga mstari mmoja mnene ubavuni mwa sahani, kutoka juu hadi kwenye velkro. Mashine ikifanya kazi, mstari unaonekana ukipita, ukipita. Ukiuona umesimama mahali pamoja, pedi haizunguki, inayumba tu, na wewe unapoteza muda na kompaundi. DA inaweza kuunguruma kwa sauti ileile huku haikati chochote, kwa hiyo sikio linadanganya, mstari haudanganyi. Ukisimama, angalia kwa mpangilio huu: umekandamiza mno (uzito wa mashine na kilo chache za mkono zinatosha), umeinamisha upande mmoja, pedi imelowa kompaundi na kuwa nzito, uko kwenye pindo na pedi haikai bapa, au umeme umelegea, jambo ambalo mitaa mingine hutokea jioni watu wakipika. Kwenye pindo ongeza spidi namba moja na punguza mkono. Nilimwonyesha fundi mmoja wa kupaka rangi, akacheka, kisha akaomba maka peni.

Pesa niliyobakiza kwenye mashine niliimalizia kwenye pedi. Gari dogo linataka pedi tatu au nne za kila hatua, siyo moja, kwa sababu sponji ikipata moto katikati inalainika na gundi ya velkro inaachia. Nunua zenye tundu katikati, zinapoa vizuri. Rangi ya pedi usiiamini: ngumu ya kampuni moja ni ya manjano, ya nyingine ndiyo laini. Bonyeza kwa kidole.

Pedi ikijaa vumbi la rangi na kompaundi iliyokauka, brashi inaondoa nusu tu. Upepo ndio dawa, na kompresa ya kununua ni ghali, lakini kila mtaa una fundi pancha. Mwambie afungue kwanza bomba la chini la tangi atoe maji, kisha apulize kwenye karatasi nyeupe. Karatasi ikibaki safi bila mafuta, puliza pedi ukiwa umbali wa kiganja, kuanzia katikati kwenda nje, kamwe usielekeze ubavuni pale sponji na velkro zinapokutana. Kwa buku au mbili pedi zote zinarudi kama mpya. Kuosha ni kwa sabuni ya maji na maji ya uvuguvugu, zikauke kivulini.

Kuja kwenye dawa. Gari langu ni Toyota nyeusi, kodi ya rangi 202. Kodi iko kwenye kibati cha chumba cha injini au nguzo ya mlango, palipoandikwa C/TR. 202 ni laini kupindukia, na kwenye Toyota nyingi za zamani haina klia kabisa. Kujua, paka polishi laini kwenye kitambaa cheupe na usugue sehemu iliyojificha, mfano chini ya ukingo wa mlango. Kitambaa kikiwa cheusi, huna klia, unagusa rangi yenyewe. Nyeupe ya 040 nayo mara nyingi huacha weupe wake kwenye kitambaa (cheusi ndicho kitauonyesha), na hapo usishtuke. Lakini fedha ya 1F7 au lulu ya 070 ikitoa rangi, simama hapohapo: klia imekwisha na hakuna polishi itakayoirudisha.

Kuosha, udongo wa kusafishia rangi na tepu ya karatasi kwenye plastiki nyeusi, hayo kila mtu anayajua. Jaribio ndilo watu wanaloruka. Nilizungushia tepu vipande vya sentimita 40 kwa 40 kwenye mlango wa nyuma. Nikaanza na upole: pedi laini na Meguiar's M205, polishi laini, matone manne ya ukubwa wa punje ya mbaazi, nikatandaza kwa spidi 1, kisha spidi 4, mwendo wa sentimita tatu hivi kwa sekunde, kila mstari ukilalia nusu ya uliotangulia, mara nne kwa wima na mlalo. Mikwaruzo mingi ikatoka, ile ya kina ikabaki. Kipande cha pili, M205 ileile lakini pedi ya kati: yote ikatoka, ila ukabaki ukungu mwembamba. Kipande cha tatu kilikuwa cha kuujibu ushauri wa dukani: pedi ngumu na Menzerna 400, kompaundi kali. Mikwaruzo ilifutika haraka sana, kweli, na mahali pake pakaja ukungu wa kijivu kana kwamba kuna mtu amehemea rangi na hewa ikakataa kukauka. Kompaundi haikuwa na kosa. Imetengenezwa kwa klia ngumu, na magari ya Kijerumani yataishukuru. Kwenye 202 punje zake na ugumu wa pedi vinachora upya.

Jibu likawa pedi ya kati kisha pedi laini, dawa moja tu, M205, hatua ya mwisho kwa spidi 3 na mkono umelegezwa. Gari zima lilikula kama mililita 80. Kompaundi za kopo za mafundi rangi hazifai DA. Nyingi ni za sufi na rotari, zikikosa joto lile zinakauka na kuwa unga. Farécla G3 ya kawaida inataka pedi iliyonyunyiziwa maji, siyo kavu. Na ukinunua ya kupimiwa kwenye chupa ya maji, tikisa sana, punje hukaa chini.

Usiuamini mng'ao kabla ya kufuta mafuta ya polishi, maana yanajaza mikwaruzo na kuificha mpaka utakapoosha mara ya pili. Changanya sehemu moja ya isopropanoli ya asilimia 70 na sehemu tatu za maji, nyunyiza, futa kwa maikrofaiba. Spiriti ya kusafishia vidonda siipendekezi, baadhi ina mafuta ya nyonyo na inaacha utando. Kisha kagua kwa tochi ya simu gizani. Mchana wa Juni na Julai, mawingu yakiwa yameifunika Meru, gari lolote linaonekana zuri.

Muda wa kazi ni asubuhi, kivulini, sakafu imemwagiwa maji kuzuia vumbi. Weka kiganja kwenye bati: kisipovumilia, usianze, dawa itakauka kabla ya kukata. Bampa ni la plastiki, halipitishi joto kama bati, kwa hiyo spidi ishuke hapo.

Juu yake nilipaka silanti (kinga ya kufunika rangi) ya kopo, tabaka mbili nyembamba, ya pili siku iliyofuata. Seramiki, kinga ngumu zaidi, ni nzuri kwa mwenye karakana iliyofungwa. Chini ya turubai wakati wa masika, unyevu na vumbi vitakaa humo humo na kuvitoa ni kurudi kwenye mashine. Maua ya mijakaranda ya Oktoba na Novemba yakianguka yaondolewe kwa maji siku hiyohiyo, yakioza juani yanaacha doa. Matone ya maji ya kisima yaliyokaukia juani hutoka kwa siki na maji nusu kwa nusu, dakika moja, kisha suuza.

Majirani wameanza kuomba mashine. Natoa, ila bila pedi, kwa sababu chembe moja ya mchanga kwenye sponji inatosha kuchora boneti zima la atakayefuata. Anayeitaka aje na za kwake, inchi sita, zenye tundu.