Uso wa Irène

Jioni hii nimemtazama tena Irène Cahen d'Anvers, binti wa miaka 8 aliyechorwa kwa rangi ya mafuta na Renoir, mchoraji Mfaransa, mwaka 1880. Picha ni ndogo, sentimita 65 kwa 54 tu, na iko Kunsthaus Zürich, makumbusho ya sanaa huko Uswisi. Wanazi waliipora picha hiyo nchini Ufaransa mwaka 1941. Irène alirudishiwa mwaka 1946, tayari bibi wa miaka zaidi ya 70.

Utadhani imechorwa kwa mikono miwili tofauti. Usoni brashi imetulia, rangi nyembamba, huoni mipaka ya mapigo ya brashi. Kwenye nywele mapigo yanarefuka na kushuka nazo mgongoni. Nyuma, majani ni madoa ya kijani kizito basi. Yangechorwa jani kwa jani, yangemnyang'anya mtoto macho ya mtazamaji.

Gauni tunaliita jeupe, lakini tafuta weupe mtupu humo: ni mchache, kwingine kote ni buluu iliyofifia. Hata kivuli cha shavu kina ubaridi wa bustani. Anayetia nyeusi kwenye kivuli cha ngozi hupata kijivu, na mtoto huonekana mgonjwa. Kwa ngozi nyeusi pia ni hivyo hivyo: kahawia nyekundu na buluu nzito hutoa kivuli chenye uhai ambacho rangi nyeusi ya kwenye tyubu haiwezi kukitoa.

Ukimchora mtoto wewe mwenyewe, kumbuka hatulii. Rangi tatu za ngozi, yaani ya mwanga, ya kati na ya kivuli, ziwe zimeshachanganywa kabla hajaketi, kisha dakika 15 au 20, apumzike. Tabaka la kwanza la rangi lizimuliwe kwa tapentaini, kimiminika cha kupunguza uzito wa rangi ya mafuta; mafuta ya kitani yaongezwe kwenye tabaka za juu. Ukigeuza mpango huo, la juu litakauka kabla ya la chini, na litapasuka.

Kosa ninaloliona zaidi ni macho kupandishwa mno. Kichwani mwa mtoto yako katikati, au chini kidogo. Paji ndilo lenye nafasi. Yapandishe, umechora mtu mzima aliyefupishwa.

Halafu kuna kusuguasugua. Rangi mbichi ikipigwa brashi mara ya nne, ya tano, inageuka tope. Ukali wa mstari uachie jicho na pembe ya mdomo. Taya lilainike. Pembe hiyo ya mdomo wa Irène ni mguso mdogo sana, na inaonekana Renoir hakuurudia.