Si Kama Apigaye Hewa

Bwana asifiwe, wapendwa.

Andiko la wiki hii ni 1 Wakorintho 9, na ninaomba tuisome sura nzima, si ile mistari minne ya mwisho pekee ambayo huchapishwa kwenye fulana za vijana kila kanisa linapoandaa michezo.

Mistari hiyo tunaijua. Paulo anasema anapigana ngumi, "si kama apigaye hewa, bali nautesa mwili wangu na kuutumikisha." Wakorintho walimwelewa mara moja. Jirani na mji wao, kule Isthmia, kila baada ya miaka miwili palifanyika michezo mikubwa na ndondi zilikuwamo. Bondia wa enzi hizo alijifunga mikanda ya ngozi mikononi. Raundi hazikuwapo, wala uzani haukugawanywa. Watu walitwangana hadi mmoja akubali ameshindwa au azimie. Aliyeshinda alivikwa taji la majani, nayo majani hunyauka.

Sisi wa Nakuru nasi hatuhitaji maelezo marefu. Mji huu umelea mabondia tangu kabla wengi wetu hatujazaliwa, na ukumbi wa Madison Square Garden (wetu huu, si ule wa New York) umenusa jasho la vijana wengi. Philip Waruinge alitoka hapa. Katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 alipata shaba, tena akatunukiwa kombe la Val Barker, analopewa bondia aliyeonyesha ufundi kuliko wenzake wote. Miaka minne baadaye, Munich, akaleta fedha. Katika Olimpiki ile ile ya Mexico, dhahabu ya uzani wa juu ilichukuliwa na kijana wa miaka 19 aliyekulia mtaa wa kimaskini Houston, Texas. Jina lake George Foreman.

Foreman alifariki tarehe 21 Machi 2025 akiwa na miaka 76. Tangu siku hiyo nimesikia akihubiriwa mara nyingi, na nadhani anahubiriwa vibaya kidogo. Hubiri huenda hivi: alikuwa bingwa, akaanguka, akaokoka, Mungu akamrudishia mkanda akiwa na miaka 45. Kisha tunaambiwa tumgeukie jirani tumwambie, "Na wewe utarudishiwa." Amina zinapaa hadi kwenye mabati.

Tuanze na kuanguka kwenyewe. Januari 1973, Kingston, Jamaica, Foreman alimwangusha Joe Frazier mara sita ndani ya raundi mbili na kuchukua ubingwa wa dunia. Mwaka uliofuata Ken Norton naye hakumaliza raundi ya pili. Kwa hiyo alipoingia ulingoni Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974, akiwa ameshinda mapambano 40 bila kupoteza hata moja, watu wengi walimhofia Muhammad Ali maisha yake. Ali akaegemea kamba, akafunika uso na mbavu, akamwacha jamaa apige. Foreman alipiga kwelikweli! Alipiga mikono, alipiga mabega, alipiga glavu. Aliyewahi kupiga gunia anajua kwamba ngumi inayokosa huchosha bega kuliko inayopata. Kufika raundi ya nane hakuwa na kitu tena mikononi, na Ali akammaliza.

Hapo ndipo wahubiri wengi husema aliokoka. Sivyo. Foreman alitoka Kinshasa na uchungu, akaendelea kupigana, akamshinda tena Frazier mwaka 1976, akiwinda nafasi ya kurudiana na Ali. Watu wachache hunyenyekea kwa sababu ya kushindwa mara moja. Wengi wetu hutafuta wa kulaumiwa kwanza. Yeye pia alitoa lawama zake.

Kilichombadilisha kilitokea Machi 1977, San Juan, Puerto Rico, baada ya kushindwa kwa pointi na Jimmy Young katika joto kali. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo, kama alivyosimulia mwenyewe maisha yake yote, alijiona anakufa, ametupwa mahali pa giza pasipo na kitu, na pesa na nyumba zake hazina maana yoyote. Akaanza kupaza sauti kumtaja Yesu. Madaktari walisema ni uchovu na joto. Sina haja ya kubishana na madaktari. Joto linaweza kumwangusha mtu na Mungu akasema naye akiwa pale pale chini.

Akaacha ndondi akiwa na miaka 28. Kwa miaka kumi hakupigana pambano hata moja. Alihubiri barabarani, mwanzo kwenye kona za mitaa, halafu katika kanisa dogo Houston. Akanenepa kupindukia. Pembeni ya kanisa akafungua kituo cha vijana chenye vifaa vya mazoezi. Miaka hiyo kumi haina picha za kuweka kwenye mabango, ndiyo maana mahubiri yetu huiruka. Mimi ndipo ningependa tukae, kwa sababu ya namna ilivyoisha.

Iliisha kwa sababu ya pesa. Akiba yake ilikuwa imepungua na kituo kinahitaji kuendeshwa. Foreman alieleza kwamba alialikwa kanisa fulani kuhubiri, na pale wakampitishia sadaka kwa ajili ya vijana wake, watu wakibembelezwa watoe zaidi na zaidi. Aliona aibu. Akajiambia kwamba iko njia moja anayoijua ya kupata pesa kwa mikono yake. Mwaka 1987, akiwa na miaka 38 na uzito wa zaidi ya kilo 120, akarudi ulingoni. Magazeti yalimcheka, yakamtania kuhusu tumbo lake, naye akacheka pamoja nao.

Sasa fungua sura ya 9 tangu mwanzo. Paulo anasema nini kabla hajafika kwenye ngumi? Anazungumza kuhusu malipo! Je, sina haki ya kula na kunywa? Ni askari gani aendaye vitani kwa gharama zake? Anathibitisha hoja kwa sheria ya Musa, kwa ng'ombe apuraye nafaka, kwa wahudumu wa madhabahu, mpaka hakuna anayeweza kumpinga: mhubiri ana haki ya kutunzwa. Halafu anasema hataki kuitumia haki hiyo. Thawabu yake ni kuihubiri Injili bila gharama. Ndipo anaingia kwenye mbio na ngumi. Mwili anaoutesa ni mwili wa fundi mahema anayefanya kazi kwa mikono yake ili asimlemee mtu. Ukiikata mistari ya mwisho na kuiacha sura, unabaki na maneno matamu ya kocha.

Naandika haya katika mji wa harambee, wapendwa, na mnajua ninachomaanisha. Tunajua mgeni wa heshima anavyochelewa, anavyopewa maikrofoni katikati ya ibada, bahasha inavyotangazwa kwa sauti kuliko neno lenyewe. Sisemi harambee ni dhambi. Kanisa la Yerusalemu lilisaidiwa kwa michango, na Paulo huyo huyo ndiye aliyeizungusha. Lakini yuko bingwa wa dunia wa zamani aliyeona bora apigwe usoni kuliko kuendelea kushika sahani, na hilo linanigusa kuliko mkanda.

Mkanda ulirudi, ni kweli. Tarehe 5 Novemba 1994, Las Vegas, Foreman alivaa bukta nyekundu ile ile ya Kinshasa. Kwa raundi tisa Michael Moorer, kijana wa miaka 26, alimpita kwa pointi. Raundi ya kumi mkono wa kulia wa Foreman ukafika kidevuni mwa Moorer, akaanguka asiinuke. Foreman akapiga magoti kwenye kona yake akaomba. Hakuna aliyewahi kuwa bingwa wa uzani wa juu katika umri ule, na mimi nikiitazama picha ile bado nasisimka.

Ila mwaka ule ule wa 1994, mwezi Julai, katika mji ule ule wa Las Vegas, Robert Wangila wetu alifariki kwa majeraha ya ulingoni. Wangila wa dhahabu ya Seoul 1988, Mkenya wa kwanza kupata dhahabu ya ndondi katika Olimpiki. Haikupita hata miezi minne kati ya kifo chake na magoti ya Foreman. Tukihubiri kwamba mkanda ni malipo ya imani, tutawaambia nini waliompokea Wangila akiwa maiti? Mhubiri 9:11 ilishasema kwamba si wenye mbio washindao katika michezo. Kuna ndugu miongoni mwetu wasiopenda kabisa mchezo huu kwa sababu hiyo, na sina neno la kuwapinga.

Tuombe wiki hii kwa ajili ya vijana wanaokimbia alfajiri kuelekea Menengai kabla ya kwenda vibaruani. Mungu awalinde vichwa vyao, na awape makocha wanaojua wakati wa kusimamisha pambano. Tuwaombee pia mabondia wazee ambao mikono yao inatetemeka na hakuna anayewatembelea.

Kuhusu ombi la idara ya vijana la glavu na gunia la mazoezi: kabla hatujachapisha kadi za mchango, Jumatano kila mmoja aje na jambo moja analoweza kulifanya kwa mikono yake. Fundi viatu ashone ngozi ya gunia. Mwenye pikipiki achukue mchanga na vumbi la mbao. Akina mama wa sokoni wameshasema uji ni wao.