Kibodi ya manila

Agosti 2009 nilishinda mdahalo kuhusu intaneti, na wakati huo sikuwa nimewahi kugusa kompyuta hata kwa kidole kimoja.

Nilikuwa kidato cha tatu, shule ya kata huko Ludewa, enzi hizo bado mkoa wa Iringa. Julai 23 Rais Kikwete alikuwa amezindua mkonga wa SEACOM, waya wa intaneti unaopita chini ya bahari, jijini Dar es Salaam, na redio ya mwalimu wetu wa taaluma ikawa haina habari nyingine. Mada ikapatikana palepale: mkonga utaziba pengo kati ya mjini na kijijini. Nikapangwa upande wa kuunga mkono.

Daftari langu lilijaa. Kilometa 17,000 chini ya bahari; Afrika Kusini, Msumbiji, kwetu, Kenya, mpaka Ulaya na India; kwaheri setilaiti na bei zake. Umbali wa kutoka shuleni hadi nguzo ya umeme iliyo karibu sikuuandika.

Kompyuta ya shule ilikuwa moja, ofisini, imefunikwa kitambaa cha kutarizi kama redio ya bibi. Iliwashwa majira ya kuchapa mitihani tu, jenereta ikinguruma nje. Sisi tulisomea ukutani: mwalimu alichora kibodi kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila, mistari mitatu ya herufi, karatasi ikamwishia. Usiku tulifanya mazoezi juu ya madawati, vidole vikigonga mbao tupu. Nilikuwa na kasi, si utani.

Mdahalo ulikuwa wa Kiingereza. Ukiteleza ukasema Kiswahili unakatwa alama. Mpinzani wangu, binti wa darasa letu, alisimama akasema neno moja la maana kuliko yangu yote: kwamba hapa hakuna umeme, sasa huo mkonga utachomekwa wapi? Alitaka kuendelea, Kiingereza kikamkwama. Akaanza kwa Kiswahili, mtunza muda akagonga kengele, ukumbi ukacheka. Mimi nikasimama na kilometa zangu 17,000, nikapigiwa makofi. Mpaka leo nikisoma takwimu za watu “waliofikiwa” na mtandao, naisikia ile kengele.

Zawadi ilikuwa kaunta buku, na ruhusa ya kuandika jina langu kwenye kompyuta yenyewe. Jumatatu jenereta ikawashwa kwa ajili ya mitihani, nikaitwa. Dada wa ofisini akakunja kitambaa, akanisogezea kiti. Herufi nilizijua zilipo kabla hata sijaziangalia, mpaka akashangaa. Nikamaliza jina la kwanza, nikakwama. Pengo la kutenganisha majina linatoka wapi? Kwenye manila halikuwepo. Nikaona aibu kuuliza, nikaendelea kuandika, jina langu na la baba yakagandana kama ugali wa jana.

Akanyoosha mkono akakibonyeza kile kitufe kirefu cha chini. “Nafasi iko hapa,” akasema, kisha akatazama saa, maana petroli ilikuwa ya kuhesabu. Nikanyanyuka.

Nje, chini ya mkaratusi, yule binti alikuwa ananisubiri, mikono ameiingiza ndani ya sweta. Nilidhani anataka ugomvi.

“Eti, ukiishika,” akauliza, “ni ya baridi au ya moto?”

“Ya moto kidogo,” nikamwambia.